Risala ya walimu wa materneli kwa mama mugeni wa heshima, Bukavu

Mama mugeni wetu wa heshima, baba shefu wa kartie, bazazi bote, na nyinyi batoto betu, jambo sana.

Tuliambiwa risala iwe fupi juu mvua ya Bukavu haiombe ruhusa, basi tunaingia moja kwa moja. Mama, asubuhi ulipofika batoto balikuimbia ukapiga mikono, aksanti, lakini ile wimbo ya kuita na kuitika haikutengenezwa juzi kwa ajili yako (utusamehe), ni kazi ya mwaka muzima.

Tunapokea batoto ba miaka 3 mpaka 5. Bengine nyumbani banasema Kiswahili, bengine Mashi, Kirega, Kihavu. Mutoto wa miaka 3 ukimwambia aimbe peke yake anakamata kikwembe ya mwalimu na kulia, lakini ukiita kwa wimbo na benzake bakaitika, naye anaitika tu, hata hajui kama ameisha kuimba.

Mwanzo anarudisha tu kile mwalimu ameimba, maneno mawili, matatu, basi. Hapo ndipo walimu bapya banakosea, na mimi ninayesoma hapa nilikosea miaka mingi: unaita, halafu unaimba pamoja nao kwa nguvu ukifikiri unabasaidia, kumbe banakungojea wewe, habatafute sauti yao. Ukiisha kuita funga kinywa, usikilize. Tena usianzie chini kama muntu ameamka sasa hivi. Sauti ya mutoto mudogo inakaa vizuri karibu kati ya noti re na la, ukimushusha zaidi anasema tu, haimbi tena. Zile sauti mbili batoto banaitanaka nazo mu avenyi, "Ma-maa!", sol na mi, ndizo rahisi kwao, na walimu banaofuata njia ya Zoltán Kodály, yule mwanamuziki wa Hungaria, nabo banaanzia hapo. Bamama ba Kadutu banaita batoto vile kila jioni na habajasoma Kodály hata siku moja.

Kisha jibu linatofautiana na mwito, na hapa tuliiga bavuvi ba sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa Kivu. Wenye kukaa karibu na ziwa munabasikia saa ya jioni, pirogi tatu zimefungwa pamoja na miti mirefu, moja anaita, bengine banaitika banapiga kasia, na kasia ndiyo inashika mapigo. (Sambaza yenyewe ni mugeni kama wewe mama, ililetwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mu 1959, leo ona iko mu sahani ya kila muntu.) Basi tukakalisha batoto chini mistari tatu, mikono ikawa kasia. Mwalimu: "Nani alikula sambaza?" Batoto: "Haiko sisi!" Tuliimba hivyo wiki nzima, mpaka siku moja katoto kamoja kalikokuwa kimya tangu mwezi wa tisa kakasimama kakaita kenyewe, "Nani alikula sambaza?", na kabla benzake bajibu kakaongeza, "Ni mwalimu!" Kalasi yote ikaitika, ni mwalimu, ni mwalimu. Tangu hapo mwitaji ni mutoto, sisi tunaitika.

Shida iko moja. Kalasi ya pili na ya tatu ziko mu chumba kimoja, katikati tumetundika basha (turubai). Tukiita huku, kule nabo banaitika, hata kama bako katikati ya kuhesabu: moja, mbili, tatu, haiko sisi! Munacheka, lakini mwalimu wa kule hachekake. Hatuombe piano. Tunaomba mbao za kufunga ile ukuta, na ngoma moja, juu ngozi ya ile ya zamani ilipasuka na sasa tunapiga bidoni.

Mama, batoto ba kalasi ya tatu banasimama sasa, bataita beenyewe. Safari hii hatukubali upige mikono tu. Bakiuliza nani alikula sambaza, jibu umeisha kulisikia.