Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti: falsafa si aya mbili za kumalizia

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Nimekuandikia faraghani mara tatu bila kujibiwa, ndiyo maana leo nasema hadharani.

Jumatatu asubuhi niliwekewa mezani andiko la utafiti la kurasa themanini, nikaagizwa niandike "aya mbili za maadili" kabla ya saa kumi jioni. Madaktari, watakwimu na wanasosiolojia wamelishughulikia miezi saba. Mimi, mwanafalsafa wa jopo hilohilo, nimeliona siku hiyo. Swali la utafiti limeshapitishwa. Fomu ya ridhaa imeshachapwa.

Niliisoma hiyo fomu. Mstari wa nne unasema: "Utapatiwa matibabu mapya." Matibabu gani, Mheshimiwa? Ni dawa ambayo bado hatujui kama inatibu, na nusu ya washiriki watameza vidonge visivyo na dawa. Mgonjwa atakayeweka dole gumba pale chini atakuwa amekubali, lakini hajaridhia. Mtu hukubali kwa kuwa ana maumivu, amechoka kupanga foleni, au anamwogopa daktari. Kuridhia ni kujua unatoa nini, na kujua kwamba ukikataa hutanyimwa huduma. Hesabu za watakwimu haziwezi kuonyesha tofauti hiyo, hata ziwe sahihi namna gani.

Siku ya kuzindua programu hii uliahidi kwamba fani zote zitakaa meza moja tangu siku ya kwanza. Nilikuwepo. Nilikuamini hata nikaacha vipindi vyangu vya kufundisha.

Utafiti wa kaswende wa Tuskegee, kule Marekani, uliendelea kuanzia 1932 hadi 1972. Haukukosa madaktari wala takwimu, na bado wanaume Weusi waliachwa waugue huku penisilini ipo. Ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, uliokuja kuweka misingi ya kuheshimu watu, kutenda wema na haki, iliandaliwa na tume iliyowatumia wanafalsafa, akiwemo Tom Beauchamp. Uingereza nao, walipobabaishwa na utafiti wa viinitete, yaani mimba za siku za mwanzo kabisa, walimpa mwanafalsafa, Mary Warnock, aongoze kamati. Kikomo ilichopendekeza 1984, kwamba kiinitete kisifanyiwe utafiti kikipita siku 14, kikawa sheria 1990. Wanabiolojia waliweza kueleza kiinitete kinavyokua. Tuanze lini kukiwajibikia lilikuwa swali la aina nyingine.

Labda ni bajeti. Labda wafadhili wanataka saini tu. Nahisi pia mnaona maswali yangu yatawachelewesha, na ni kweli, mengine yatawachelewesha.

Nilikusudia kuomba mengi: kiti kwenye vikao vya mwanzo, muda wa kusoma, sauti ya kupinga. Yote bado nayahitaji. Ila mgonjwa wa kwanza anaandikishwa Jumatatu ijayo, kwa hiyo leo naomba moja. Futa mstari wa nne. Tafadhali, Mheshimiwa, ufute kabla hajaweka dole.

Wako,
Mwanafalsafa wa jopo