Mti wa vesheni za ramani uchorwe ukutani, usiachwe kwenye namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo wengi wataona ni la watu wa kompyuta tu, lakini mwisho wake linamfikia mama mwenye shamba la korosho Mitengo na kijana anayejenga Chuno. Nafanya kazi za ramani za viwanja huku kusini, na kila siku tunasoma humu habari za ardhi kuingia kwenye mfumo wa kidijitali, ni habari njema sana, ila kuna kitu sioni kikisemwa, kwamba ramani zikishaingia kwenye databesi, yani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, zinataka mtu wa kuzitunza, na huyo mtu kama hana mchoro wa kumwonyesha nani anahariri nini anapapasa gizani.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kwenye ofisi moja niliyowahi kufanya kazi alikuja mama mmoja mtu mzima, ana bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, ndani kuna ramani ya upimaji inaonyesha kiwanja chake kimegawanywa viwili, kimoja chake kimoja cha mwanae. Tukifungua kwenye skrini ya kaunta tunaona kiwanja kimoja kikubwa kama zamani. Akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, bado kimoja. Mara ya tatu akaniuliza taratibu, "mwanangu, kiwanja changu kimeliwa?" Nikamjibu hapana mama, hakijaliwa, lakini kwa kweli sikuwa na uhakika na usiku ule sikulala vizuri.

Kumbe mgawanyo ulishachorwa kitambo, tatizo ulikuwa umelala ndani ya vesheni. Naomba nieleze kidogo hapa maana ndo kiini chenyewe. Hizi databesi kubwa za ramani, kama zile za ESRI ya Marekani, kampuni aliyoianzisha Jack Dangermond na mkewe Laura mwaka 1969, zinaruhusu watu wengi kuhariri ramani moja kwa wakati mmoja bila kuzuiliana. Kila mtu anafungua vesheni yake, yani sura yake ya ramani ya kufanyia kazi, anachora kazi yake humo hata mwezi mzima, akimaliza anarikonsaili, yani anailinganisha kazi yake na vesheni kuu inayoitwa DEFAULT, kama kuna sehemu wawili wamegusa kitu kimoja wanakaa wanaamua kipi kibaki, halafu ndo anaposti, yani anaiingiza kazi yake kwenye DEFAULT. Asipoposti kazi ipo salama kabisa ila kwenye DEFAULT haionekani, na skrini ya kaunta inasoma DEFAULT. Yule mama alikuwa anaonyeshwa ramani ya kabla.

Na kuna jingine ndani yake ambalo wakuu wengi wa idara hawajawahi kuelezwa. Kwenye mfumo huu wa zamani wa vesheni ukihariri kiwanja jedwali kuu haliguswi, mstari mpya unaenda kwenye jedwali la nyongeza na ule wa zamani unaandikwa kwenye jedwali la vilivyofutwa, na kila badiliko linapewa namba yake, wenyewe wanaita steti. Steti 0 ndo shina, kila steti ina mzazi wake, na vesheni ni jina tu lililoshikizwa kwenye steti mojawapo. Kwahiyo ukifungua ramani kompyuta inachukua jedwali kuu, inaongeza hiki, inatoa kile, inafuata ukoo wote mpaka ifike kwenye steti yako. Ukoo ukiwa mrefu ramani inakuwa nzito. Dawa yake ni kukompresi, yani mfumo unaondoa zile steti ambazo hakuna vesheni inayozihitaji na mistari ambayo vesheni zote zinakubaliana nayo inahamia jedwali kuu.

Sisi tulikuwa tunakompresi kila Jumapili usiku. Kulikuwa na skripti, yani programu ndogo, inafanya yenyewe na kila Jumatatu inaandika imefanikiwa, na kweli ilikuwa imefanikiwa, haina kosa lolote, ila haikupunguza kitu. Ramani ya Shangani ilikuwa inafunguka polepole mpaka watu wanapanga foleni mlangoni. Tukalaumu intaneti, tukalaumu seva, ikaandikwa barua ya kuomba hela ya seva mpya. Mimi mwenyewe nilifungua lile jedwali la steti mara nyingi tu, naona namba, namba, namba, hii mzazi wake ile, ile mzazi wake ile nyingine, ukifika mstari wa arobaini umeshasahau ulianzia wapi.

Aliyetutoa hapo ni dada mmoja wa IT. Alichukua jedwali la steti na jedwali la vesheni, akaandika kwa mistari mifupi tu kwamba 412 imetoka 398, 398 imetoka 391, hivyo hivyo mpaka mwisho, akaipa programu ya Graphviz ambayo ni ya bure, ikachora mti. Pembeni ya kila jina la vesheni akaweka nani kaifungua na tarehe. Akaprinti kwenye karatasi za A4 akaziunganisha kwa gundi akabandika ukutani jirani na dirisha. Basi. Tulisimama pale wote hata dakika tano hazikufika kila mtu ameshaona, chini kabisa karibu na 0 kuna kitawi kimoja kifupi kimechomoza pembeni peke yake, vesheni ya kijana aliyekuja mafunzo kwa vitendo, alishaondoka zamani. Kile kitawi ndo kilikuwa kinashikilia kila kitu juu yake, maana vesheni ile bado ilikuwa inatakiwa kuiona ramani kama ilivyokuwa siku ile, kwahiyo mabadiliko yote yaliyokuja baadae hayawezi kuhamia jedwali kuu, yatahamaje wakati kuna mmoja hayamhusu. Na juu zaidi upande wa kulia kulikuwa na tawi la mpimaji mmoja aliyehamishwa kituo, ndani yake ndo kiwanja cha mama kimegawanywa vizuri kabisa na namba zake zote.

Mtu wa huku hahitaji kufundishwa habari hii mara mbili. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba baada ya msimu anaingia shambani kupogolea, na hapogolei kwa orodha, anasimama chini ya mkorosho anautazama wote, tawi lipi limekauka, lipi linabana hewa, lipi lina majani mazima aliache. Kwenye databesi ni hivyo hivyo na hatari yake ni ile ile, ukikata ovyo unakata lenye korosho. Kabla ya mchoro kuna mkubwa mmoja alishauri tufute vesheni zote za watu walioondoka tuanze upya. Tungefuta kile kitawi kisicho na kitu na tungefuta pia kazi ya mpimaji pamoja na kiwanja cha mama, na isingerudi tena mpaka watu waende site kupima upya. Kwenye orodha vesheni zile mbili zilifanana, jina, mwenyewe, namba ya steti. Kwenye mchoro moja ilikuwa kijiti kitupu na nyingine tawi refu limejaa.

Tukarikonsaili ya mpimaji, kulikuwa na migongano michache, tukaitatua tukiwa na makaratasi mezani, tukaposti. Ya kijana tukaihakiki kwanza, haina kitu, tukafuta. Jioni tukawaomba watu wote watoke kwenye mfumo kwa sababu aliyeunganishwa anashikilia steti yake, tukakompresi, tukasasisha takwimu za majedwali. Kesho yake Shangani ikafunguka bila foleni na ile barua ya seva haikutumwa.

Mhariri, ninachoomba ni kitu kidogo. Halmashauri, mamlaka za maji, watu wa umeme, wa mabomba ya gesi kuanzia Msimbati mpaka Songo Songo, yeyote anayetunza ramani kwa vesheni, aandike kwenye taratibu zake za kazi kwamba mti unachorwa kila baada ya kukompresi na unawekwa mahali mkuu wa idara anauona. Watengeneza programu wanaotumia Git, ile ya kutunzia vesheni za kazi zao aliyoitoa Linus Torvalds 2005, wao kuangalia matawi kwa mchoro ni kawaida ya kila siku, sasa kwanini mtu anayetunza mipaka ya ardhi za watu aachiwe jedwali la namba? Najua kuna aina mpya ya vesheni ambayo haina huu mti wa steti, sawa, lakini hata huko vesheni zinafunguliwa na kusahaulika, na bado mtu anatakiwa kuona nani kafungua nini lini. Na walimu wa vyuo vya ardhi, Dar, Morogoro, Tabora, vijana wenu wanakuja wanachora mipaka vizuri sana hongereni, tunaomba na hili la kuusoma mti muwape mapema, wakifika huku wawe wanalijua.

Mama alirudi mara ya nne tukamgeuzia skrini akaona viwanja viwili. Akaomba aonyeshwe kipi cha mwanae, nikamwekea kidole, akakunja bahasha yake akaiweka kwenye kikapu akaenda. Hapa nilipo sasa mti tunauchora kila Ijumaa mchana, wa wiki iliyopita ulikuwa na matawi manne na yote wenyewe wapo ofisini.

Msomaji wako,
Ligula, Mtwara