Somo, nisaidie na hili dodoso

Kilwa Masoko

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa yake ya kifua imenifaa. Huku tu wazima, kusi limeshika na usiku tunajifunika. Nimenyamaza muda mrefu tangu tulipoagana stendi, najua, kazi imenibana. Leo nina jambo linaninyima usingizi na sina wa kumpelekea ila wewe.

Ni hili dodoso la wageni. Limepangwa chuoni, mimi nakusanya majibu tu: usalama wa watalii na namna vijiji vyetu viendelezwe kwa utalii. Swali lake kuu ni, "Ulijisikia salama kiasi gani?" Mgeni anazungushia moja mpaka tano. Karibu wote wanazungushia tano.

Sasa sikiliza. Juzi nilifuatana na mtu na mkewe kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Songo Mnara. Walipapenda mno, yale majumba ya matumbawe na misikiti katikati ya miti, wakataka kungoja jua lizame wapige picha. Nahodha akakataa. Maji yalikuwa yanakupwa, mashua ingekalia tope kwenye mikoko, halafu turudi usiku na kusi limeshachafua bahari. Alisema mara moja tu, kwa adabu, akaanza kukusanya kamba. Wakanuna njia nzima. Tulipofika Masoko wakajaza: usalama, tano. Huduma ya chombo, moja.

Moja, somo! Yule aliyewarudisha salama ndiye aliyepata moja. Na ripoti itasomeka hivyohivyo huko wilayani: wageni wanajisikia salama, manahodha hawana huduma nzuri. Kisha yataletwa mafunzo ya kumridhisha mteja, na siku nyingine kijana mwenye mashua yake mpya atakubali kungoja jua lizame kwa sababu anaiogopa ile moja.

Asiyeijua bahari haiogopi. Ile tano ya mgeni hainiambii anajua nini. Mimi nataka aulizwe: ulielezwa maji yanakupwa saa ngapi? Jaketi okozi ulilivaa tangu mwanzo au lilikuwa chini ya ubao? Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la Kilwa Kisiwani, iko juu ya genge, nani alikuonyesha pa kutosogea? Ukiumia Kisiwani utampigia nani? Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2 tu, na kwa sababu ni karibu watu wanavuka kana kwamba wanakatiza uwanja.

Na barabara je? Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, mgeni anatoka Dar es Salaam asubuhi na mchana yuko hapa. Lakini unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua ikaikata barabara, abiria wakakwama njiani. Watu wa namna ile wanaangukia mikononi mwa wanakijiji. Dodoso halina hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Msimamizi wangu si mkaidi. Anasema nikibadili maswali katikati, majibu ya mwanzo na ya mwisho hayatalinganishika, na hapo ana haki. Nimemwomba niache ukurasa wa kwanza ulivyo, niongeze wa pili, kisha nihoji manahodha na waongoza wageni peke yao. Ameniambia nimwandikie maswali ayaone. Ndipo nikakukumbuka, wewe uliyekuwa ukitunyoosha maswali mpaka yule wa Mingoyo akalia.

Bi Mkubwa wa Kisiwani, yule wa wali wa pweza, aliniambia kila mtafiti anamuuliza anataka hoteli ngapi. Yeye anataka gati ambalo mzee anaweza kulishuka bila kubebwa, na boti ya kumvusha mgonjwa usiku. Nikamwambia hayo ni maendeleo ya utalii hasa. Magofu haya ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Yalipotiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yalihangaikiwa mpaka yakatolewa mwaka 2014. Kuta zilistahili. Watu wanaotufikisha kwenye kuta hizo nao wanastahili, na ujuzi wao uandikwe na ulipwe kama kazi.

Bado nairudia ile moja. Nahodha mwenyewe hakuniuliza wameandika nini. Alifunga mashua akaenda kuswali.

Basi niambie: utaweza kuniulizia Mikindani na Msimbati maswali hayahaya? Mjomba wako bado anavua? Pale Msimbati wageni wanaogelea bila mtu, au kuna anayewaonya mkondo unavuta upande gani? Nahodha akikataa kuondoka, nani anamfidia siku yake? Na swali la huduma niliandike vipi ili kukataa kwake kuhesabiwe upande wa usalama? Wewe lini unakuja, au mpaka korosho ziuzwe? Kaka yako amepata ile kazi? Nijibu kabla ya Ijumaa, msimamizi anangoja.

Somo yako