YAH: Leseni yangu mliyoiua na hataza (haki za uvumbuzi) mlizonivika

Columbus, Ohio
14 Novemba 2025

Kwa Meneja,
Dawati la Uhakiki wa Taarifa,
Nairobi.

Ndugu Meneja,

Ukurasa wa taarifa zangu mnaowauzia watu una makosa. Makao yenu makuu nimeyaandikia mara tatu kwa Kiingereza, na mara zote tatu nimejibiwa na mashine inayonishukuru kwa subira yangu. Nimesikia wanaopitia taarifa zenyewe wako Nairobi. Basi naandika kwa lugha ambayo hatutapotezana.

Mimi ni mkufunzi wa marubani. Mwezi uliopita baba wa mwanafunzi wangu alikuja uwanjani na ukurasa wenu kauchapa, mstari mmoja kaupaka wino wa njano: "Leseni ya ukufunzi: imeisha muda." Mwanawe alikuwa amebakiza somo moja nimruhusu kuirusha ndege ya Cessna 172 peke yake. Hakurudi tena. Mwenye shule naye akanitoa kwenye ratiba siku 9 hadi alipojiridhisha, na mkufunzi hulipwa kwa saa za kuruka, halipwi kwa kunywa kahawa chini.

Leseni yangu haijaisha. Tangu tarehe 1 Desemba 2024, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haiandiki tena tarehe ya kuisha kwenye leseni mpya za wakufunzi. Kinachoangaliwa ni uzoefu wa karibuni, unaothibitishwa kila miezi 24. Mimi niliuthibitisha Februari kwa wanafunzi wangu: inatakiwa uwe umewaidhinisha kwenda mtihanini wasiopungua 5, na asilimia 80 kati yao wafaulu mara ya kwanza. Kadi mpya ikaja haina tarehe ya mwisho. Nadhani programu yenu ilikuta nafasi tupu, ikaandika tanzia.

Kama ni hilo tu, ningelimeza. Lakini chini yake mmeniandika kuwa mvumbuzi wa California mwenye hataza 4 za upigaji picha za eksirei. Ya kwanza iliombwa mwaka 1998. Mwaka huo nilikuwa darasa la tano, Tanga, na eksirei pekee niliyoijua ni ile niliyopigwa mkono pale hospitali ya Bombo baada ya kuanguka mwembeni. Hataza hiyo nimeisoma yote, usiku mmoja, maana imeshakuwa yangu. Inahusu kuizuia miale inayotawanyika mwilini mwa mgonjwa isifike kwenye kitambuzi na kuitia picha ukungu. Kazi ya mtu aliyeumiza kichwa. Na mmeiandika "hai", ilhali kwa Marekani hataza ya aina hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Iliyo hai mmeiua, iliyokufa mmeifufua, tena kwenye ukurasa ambao nimelipa dola 29 kuusoma, habari zangu mwenyewe!

Kosa lilivyoingia naliona. Sisi watu wa pwani huitwa kwa jina letu, la baba, kisha la babu. FAA wanayo yote matatu. Ukurasa wa mbele wa hataza unaonyesha jina la mvumbuzi, mji na jimbo, hauonyeshi tarehe ya kuzaliwa. Nyinyi mkalitupa jina la baba yangu, mkabaki na mawili, mkayaoanisha na ya yule mvumbuzi. Kwa mtindo huo nusu ya wanaume wa pwani ni mtu mmoja. Wewe uliye Nairobi unalijua hilo bila kuelezwa. Aliyeiandika programu hakulijua, na hakuna aliyemwambia.

Naomba kumbukumbu hizi zitenganishwe ndani ya siku 14. Kila aliyenunua taarifa yangu tangu Februari apelekewe iliyosahihishwa, na baba wa yule kijana awe wa kwanza. Dola 29 zirudishwe. Nakala ya kadi yangu nimeiambatanisha, pande zote mbili.

Na yule bwana wa California, mwangalieni naye. Huenda ukurasa wake unasema alikuwa mkufunzi wa urubani akaacha leseni ikafa.

Wenu,
Mkufunzi, mwenye majina matatu