Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Riwaya za Vita vya Wakati Ujao

Ndugu wanachama,

Mada yetu ya mwaka huu ilikuwa riwaya za kijeshi za wakati ujao, na kamati imeamua iendelee mwaka ujao. Taarifa hii inaeleza vitabu gani vinastahili muda wenu, visomwe kwa mpangilio gani, na msomaji hukwama wapi. Naanza na kosa la ratiba, kwa sababu ndilo lililowakatisha tamaa wengi.

Tulifungua mwaka kwa mfululizo mrefu, na kila mtu akaanzia kitabu alichokipata. Kitabu cha nne cha mfululizo wa namna hii hakirudi nyuma kueleza vyeo, silaha wala chanzo cha uhasama. Waliodakia katikati walibaki wakiulizana nani yuko upande gani, kisha wakaacha. Kuanzia sasa kila mfululizo utaanzwa na kitabu kilichochapishwa kwanza, hata kama mwandishi alikuja kuandika kingine kinachosimulia miaka iliyotangulia. Kitabu hicho cha baadaye kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya msomaji anayeijua siri tayari, na ukikianza kabla ya wakati wake kinakuharibia vyote viwili.

Vitabu viwili ndivyo nguzo, na visomwe mfululizo bila kuweka kingine katikati. Cha kwanza ni Starship Troopers cha Robert Heinlein, kilichotoka mwaka 1959 na kushinda Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka uliofuata. Anayetarajia mapigano kila ukurasa atavunjika moyo. Kinafunguka kwa shambulio, halafu sehemu kubwa inayofuata ni kambi ya makuruta na mabishano ya darasani kuhusu nani anastahili haki ya kupiga kura. Msiziruke kurasa za darasani, maana hoja ya kitabu iko humo, na ndiyo inayogombaniwa mpaka leo. Someni pia kwa makini maelezo ya deraya, vazi la vita lenye mitambo ambalo askari hupigana akiwa ndani yake. Kwa ndani ina vihisio vinavyopokea msukumo wa mwili. Askari akisukuma mkono, deraya inasukuma pamoja naye kwa nguvu nyingi zaidi. Haendeshi chochote, anaivaa tu, na hivyo macho na masikio yake yanabaki huru kwa vita. Waandishi wengi wameiiga deraya ile, lakini wachache wameeleza kwa nini imeundwa hivyo.

Cha pili ni The Forever War cha Joe Haldeman, cha mwaka 1974, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam. Hapa pia kuna deraya na makuruta, ila mazoezi yenyewe, kwenye dunia ya baridi kali mbali na Jua, yanaua watu kabla hawajamwona adui hata mmoja. Uti wa mgongo wa kitabu ni muda. Chombo kikikaribia kasi ya mwanga, saa za walio ndani huenda polepole kuliko saa za waliobaki nyumbani. Askari anapigana miezi kadhaa, anarudi na kukuta miongo imepita, na baadaye karne. Vita yote inachukua miaka 1,143, na mhusika mkuu anaiishi tangu mwanzo hadi mwisho akiwa bado kijana. Kagueni toleo mnalolisoma. Mhariri wa jarida lililoichapisha hadithi kwa mara ya kwanza aliikataa sehemu ya kati, ile ya askari kurudi nyumbani, na matoleo ya zamani yana sehemu nyepesi iliyoandikwa badala yake. Tafuteni toleo la baadaye lenye maelezo ya mwandishi mwanzoni kwamba sehemu hiyo imerudishwa. Tofauti ni kubwa, na mjadala wetu mmoja ulivurugika kwa sababu watu walikuwa wamesoma vitabu viwili tofauti bila kujua.

Katika vitabu vyote vya mwaka huu, swali lililozaa mazungumzo bora lilikuwa hili: habari inachukua muda gani kufika? Mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na bado unatumia dakika nane na kidogo kutoka kwenye Jua hadi duniani. Mwandishi anayelisahau jambo hili anaandika vita vya manowari za baharini na kuzipaka nyota. Anayeliheshimu kuliko wote niliowasoma ni Jack Campbell, jina la kalamu la ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Kitabu chake Dauntless cha mwaka 2006 kinafungua mfululizo wa The Lost Fleet.

Chukueni makundi mawili ya meli yaliyotengana kwa umbali ambao mwanga huumaliza kwa saa moja, kila moja likimwendea mwenzake kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Yatakutana baada ya saa tano. Lakini kamanda akigeuza meli zake sasa hivi, adui ataliona jambo hilo karibu saa moja baadaye, na kila anachokiona adui kwenye skrini ni cha zamani. Yakibaki umbali wa dakika moja ya mwanga, zimesalia dakika tano tu. Yanapopishana, kitendo chote kinaisha ndani ya chembe ya sekunde, na mashine ndizo zinazofyatua. Kwa hiyo ustadi wa kamanda wote uko kwenye kukisia: nigeuke lini ili asipate nafasi ya kunijibu? Kitabu hakisahau ugavi pia. Meli zinazotengeneza risasi na vyanzo vya nishati ni nzito na za polepole, na kundi zima linalazimika kuzilinda, maana bila hizo hakuna wa kurudi. Uandishi wake ni wa kawaida na wahusika wa pembeni ni wembamba, nalisema hilo wazi. Bado nakipendekeza kwa yeyote anayetaka kuielewa vita ya anga.

Leviathan Wakes cha James S. A. Corey (2011) kinafaa kufuata. Jina hilo ni la waandishi wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Humo chombo cha anga kinaongeza kasi nusu ya safari, kinageuka nyuma mbele, kisha kinafunga breki kwa injini ileile nusu iliyobaki. Injini inapowaka watu wana uzito, ikizimwa wanaelea. Msomaji akilielewa hilo mapema, kila pambano linasomeka kwa urahisi.

On Basilisk Station cha David Weber (1993) kina kasoro moja inayojulikana: katikati ya ukimbizano wa mwisho, mwandishi anasimama kueleza historia ya teknolojia ya safari. Rukeni kurasa hizo, malizeni pambano, kisha mzirudie. Hammer's Slammers cha David Drake (1979) si riwaya bali ni mkusanyiko wa hadithi za mamluki wa vifaru. Soma hadithi moja kwa siku, kwani ukizifululiza ukatili wake unazoeleka na makali yanapotea. The Light Brigade cha Kameron Hurley (2019) kisomwe na mwenye daftari. Askari wanageuzwa kuwa mwanga ili wasafirishwe, na mhusika anafika kwenye operesheni bila mpangilio wa wakati. Andika kila operesheni, nani yuko hai na nani amekufa. Bila daftari utapotea kabla ya nusu.

Ancillary Justice cha Ann Leckie (2013), kilichochukua tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, kinamhusu aliyekuwa akili bandia ya meli nzima, yenye miili mingi ya askari, na sasa amebaki na mmoja. Watu wa dola lake hawatofautishi jinsia katika lugha, na kwa kuwa Kiingereza hutofautisha, mwandishi aliamua kumwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike. Wasomaji wengi wa Kiingereza walisumbuka nacho. Sisi tunasema "amefyatua" au "amekimbia" bila kujali ni nani, kwa hiyo Kiswahili kingeisema lugha ya dola lile bila jasho. Lakini mtafsiri atakuwa na mtihani: mshtuko aliokusudia mwandishi utayeyuka, na lazima autafutie njia nyingine. Kamati inapendekeza wenye uwezo wajaribu sura moja, tuijadili mwezi wa tatu.

Kikao cha kwanza kitachukua Starship Troopers kuanzia shambulio la mwanzo hadi pale deraya inapoelezwa. Kila msomaji aandike juu ya karatasi yake mwaka wa toleo alilonalo, na aweke alama kila mahali kitabu kinapotaja nani alilipa gharama ya amri iliyotolewa.