Risala kwa mgeni rasmi katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Lishe wa Halmashauri, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama na akina baba mliokuja na watoto.

Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na wakulima wa karanga tulioungana nao katika kikundi kimoja, tunakushukuru kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kukaa nasi. Tunaomba utusikilize katika jambo moja tu: chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali, na namna ya kukipata kwa bei ambayo nchi yetu inaimudu.

Asubuhi hii umejionea utepe ukizungushwa mkononi mwa kila mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, tunasoma rangi nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. Umeona pia tukibonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, huyo amevimba kwa kukosa lishe hata kama mashavu yamejaa, na ndiye anayetutia hofu zaidi kwa sababu nyumbani wanamwona amenenepa. Mtoto asiye na ugonjwa mwingine mkubwa hupewa pakiti ya chakula dawa aonje mbele yetu. Mama anaiminyaminya kwanza ili mafuta yachanganyike, anakata kona, mtoto ananyonya. Akila vizuri anarudi nyumbani na pakiti zake za wiki. Akikataa, anapelekwa hospitali kuanzishiwa maziwa dawa.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka zamani hali ilivyokuwa. Mama alilazwa na mtoto wiki kadhaa, shamba likaota magugu, na wale wengine nyumbani wakakosa wa kuwapikia. Tiba ilikuwa maziwa dawa peke yake, nayo yalitaka maji safi yaliyochemshwa, na yakikaa kidogo tu yanaharibika. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, daktari André Briend na Michel Lescanne, walitengeneza chakula dawa hiki cha pakiti kwa siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Haihitaji maji wala kupikwa. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani walikubaliana kwamba watoto wengi wa aina hii watibiwe nyumbani kwao.

Sasa bei, Mheshimiwa. Katoni ya pakiti 150, ambayo kwa kawaida hutosha kumponya mtoto mmoja, ni takriban dola 40 hadi 50 za Marekani. Kiungo kinachopandisha bei hiyo ni maziwa ya unga. Karanga tunazo, sukari ipo, alizeti ya Singida iko jirani. Tena tumeona hatari ya kutegemea mfuko wa mwingine: mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, hata viwanda vya huko kwao vinavyotengeneza chakula hiki vilisitishiwa mikataba. Mtoto wa rangi nyekundu hawezi kusubiri siasa za Washington.

Wapo wanaosema suluhisho la bei ni rahisi, tupunguze maziwa. Sisi tunasema hapana, si kwa kupunguza tu. Malawi walijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: watoto waliopewa chakula dawa chenye asilimia 10 ya maziwa hawakupona wala kuongezeka uzito vizuri kama wale wa asilimia 25. Lakini hawakukata tamaa. Utafiti mwingine wa huko huko Malawi, wa mwaka 2017, ulitumia soya, mahindi na mtama bila maziwa kabisa, ukaongeza zile asidi amino, yaani viini vinavyojenga protini, ambazo nafaka zina upungufu nazo, na watoto wakapona sawa na wa maziwa. Hata upungufu wa damu walioupata ulikuwa mdogo zaidi. Hilo ndilo linalotupa moyo, maana mtama na mahindi ni mazao ya Dodoma. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri nusu ya protini iendelee kutoka kwenye maziwa, na sisi hatuna mamlaka ya kwenda kinyume. Tunachoomba ni wataalamu wetu wa ndani walifanyie kazi jambo hili.

Kuna unafuu mwingine usiogusa mchanganyiko hata kidogo. Nairobi na Sudan Kusini walirahisisha dozi: mtoto mwenye kipimo cha mkono chini ya sentimita 11.5 pakiti mbili kwa siku, wa kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 pakiti moja. Watoto hao walipona sawa na wale wa utaratibu wa zamani, kwa gharama ndogo zaidi.

Tuseme na hili wazi, kwa sababu akina mama wanatuuliza kila siku: uji wa lishe, hata uwe na karanga, dagaa na soya, ni chakula kizuri cha kuzuia utapiamlo, lakini haumtibu aliyekwisha kufika kwenye nyekundu. Uji kwa sehemu kubwa ni maji, na tumbo la mtoto wa kilo 6 haliwezi kubeba bakuli zote ambazo angehitaji. Na pakiti za mgonjwa zisigawiwe ndugu zake. Tunajua ni vigumu, mwenzake akiwa anatazama.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikwazo chetu kikubwa kama wakulima ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye mazao. Mwaka 2016 mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara walizika watu kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo huishika kirahisi. Hakuna kiwanda cha chakula cha mtoto mgonjwa kitakachonunua karanga zilizoanikwa ardhini, na kina haki. Tunaomba maturubai ya kuanikia, ghala lenye chaga na hewa ya kutosha, na kipimo cha sumukuvu kinachofika kijijini kabla mnunuzi hajafika.

Pia tunaomba ile shilingi 1,000 ambayo kila halmashauri inatakiwa kutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano itoke kwa wakati na yote. Mwaka jana chakula dawa kiliisha kwenye kituo kimoja tunachopeleka watoto, na akina mama waliotembea alfajiri wakarudi mikono mitupu. Ikiwezekana, sehemu ya fedha hiyo inunue pakiti za akiba za wilaya, ili jambo hilo lisitokee msimu wa njaa, Januari hadi Machi.

Vitabu vyetu vya mahudhurio na orodha ya wakulima viko mezani kwa Afisa Lishe, tunakukaribisha uvikague.

Tunaomba kuwasilisha.