Barua ya wazi kwa wanangu wanaonyonyesha, Mikindani

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa mkunga mstaafu, na pia bibi aliyekaa kwenye baraza nyingi za mji huu akisikia maziwa yenu yakisemwa. Mtoto akifika miezi saba na kuanza kudumaa, lawama humwangukia mama: maziwa yake yamekuwa mepesi, hali chakula vizuri, amebemenda, yaani amemdhoofisha mtoto kwa kukutana na mwanamume angali ananyonyesha. Nimeona wakwe wakigombana kwa neno hilo, na mimi mwenyewe, nikiwa kijana kazini, nililisema.

Upande wa zinki, madini ambayo mtoto huyahitaji ili akue, mambo hayako hivyo. Katika wiki za mwanzo lita moja ya maziwa ya mama huwa na zinki miligramu zipatazo 4, na kufikia mwezi wa sita hubaki kama 1 tu. Hushuka hivyo hata kwa mama anayekula samaki kila siku, kwa kuwa chakula cha mama hakibadilishi sana kiwango hicho. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na uzito wa kutosha, maziwa hayo peke yake yanamtosha miezi sita, kwani zinki yake hufyonzwa vizuri mno. Baada ya hapo mtoto huhitaji miligramu 3 kwa siku, na maziwa hayawezi kumpa zote. Msimwachishe, endeleeni kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, ila kilichopungua kitoke kwenye sahani.

Hapo ndipo uji wetu mweupe wa muhogo unaponitia mashaka. Hushibisha tumbo dogo, lakini zinki yake ni haba. Nafaka na mbaazi zina zaidi, isipokuwa zina pia asidi ya fitiki, ambayo huikamata zinki isifyonzwe. Kuloweka mtama, kuuotesha uwe kimea au kuuchachua hupunguza kizuizi hicho, na bibi zetu walifanya hivyo bila kuambiwa sababu. Korosho nazo zina zinki nzuri, mradi zisagwe laini kabisa ndani ya uji, maana punje nzima humpalia mtoto.

Kinachofaa zaidi ni nyama, maini, dagaa waliosagwa, na vile mnavyookota wenyewe maji yanapokupwa. Chaza huzidi karibu kila chakula kwa zinki, nasi huwauza wote tukampikia mtoto mchuzi mtupu! Mchuzi haumfai sana. Mpeni nyama yenyewe, iliyoiva sawasawa na kupondwa, vijiko viwili vitatu kila siku, kwa sababu mwili hauna ghala kubwa la kuhifadhi zinki.

Mtoto akiharisha, zinki nyingi hutoka na choo. Mpelekeni zahanati apewe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki: aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 20, na aliyezidi umri huo kidonge kizima, siku 10 hadi 14. Wengi wenu huacha siku ya tatu, choo kinapokaza. Malizeni dozi, kwani siku zilizobaki humpunguzia hatari ya kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo. Wala msinunue vidonge hivyo dukani na kumpa kila siku bila ushauri, kwa kuwa zinki ikizidi huzuia madini ya shaba yasifyonzwe.

Mwenye mtoto njiti asingoje miezi sita. Aulize kliniki mapema, akienda na kadi.

Ni mimi bibi yenu,
Mikindani, Mtwara